Chachu Yenye Jina la Kiswahili

Msomaji kijana, umezoea kusoma uhakiki wa mashairi, wa hadithi na wa tamthilia. Mhakiki huuliza mtunzi alikusudia nini, alitumia njia gani, na kama alifika alikokusudia. Maswali hayo matatu hayakuwekwa kwa ajili ya fasihi peke yake. Kazi ya mtaalamu wa elimu ya viumbe nayo ni utungo wa akili: ina swali lake na mpango wake, ina mahali penye nguvu na mahali penye udhaifu. Aisomaye kwa kuikubali tu hafaidi zaidi ya yule akaririye shairi asilolielewa. Basi katika kurasa hizi yafaa tuihakiki kazi moja ya namna hiyo, tuone imesifiwa kwa haki au la, na tuone ina uhusiano gani nasi.

Kazi yenyewe ni ya Mwingereza Paul Nurse, aliyezaliwa mwaka 1949. Tangu miaka ya 1970 ameichunguza chachu moja ndogo, isiyoonekana kwa macho matupu. Mwaka 2020 alitoa kitabu kiitwacho What Is Life?, yaani Uhai ni Nini?, ambamo anawaeleza watu wasio wataalamu fikira tano kubwa za elimu ya viumbe: seli, jeni, mageuzi kwa uteuzi wa asili, uhai kama kemia, na uhai kama habari. Hapa tutaiangalia zaidi kazi ya maabara kuliko kitabu, maana kitabu ni kivuli na kazi ndiyo mti.

Sisi tusemao Kiswahili hushtuka mara ya kwanza tukutanapo na kazi hii. Jina la kitaalamu la chachu hiyo ni Schizosaccharomyces pombe. Neno la kwanza limeundwa kwa Kiyunani, na maana yake ni kuvu wa sukari apasukaye. La pili halihitaji kamusi; ni pombe ile ile uijuayo. Mwaka 1893 Mjerumani Paul Lindner aliieleza chachu hiyo aliyoipata katika pombe ya nafaka iliyotoka Afrika ya Mashariki, akaipa jina la kinywaji chenyewe. Tangu siku hizo mtaalamu aichunguzaye chachu hii, awe Ujapani, Marekani au Ufaransa, hana budi kulitamka neno letu.

Ni rahisi basi mtu kujisifu na kusema, "Sayansi hii ilitoka chunguni mwetu." Majivuno hayo yana utamu, nasi tutayapima. Lakini kwanza tuisome kazi, kwa sababu si haki kudai sehemu ya kitu usichokijua.

Swali la Nurse lilikuwa fupi: seli hujuaje kwamba wakati wa kugawanyika umefika? Kila kiumbe cha seli nyingi hukua kwa seli zake kugawanyika. Wewe mwenyewe ulianza ukiwa seli moja, ikawa mbili, zikawa nne, na hivi sasa seli za mwili wako hazihesabiki. Zikikosa kugawanyika, kidonda hakiponi. Zikigawanyika bila kujali amri, huo ndio mwanzo wa saratani. Kwa hiyo swali hilo, ingawa laonekana dogo, lagusa uhai na mauti.

Mbona alilitafutia jibu katika chachu? Hapa mhakiki anaona hekima ya kwanza ya kazi hii. Chachu hii ni kiumbe cha seli moja, na umbo lake ni kama kijiti kifupi. Hukua kwa kurefuka kwenye ncha zake, na unene wake haubadiliki sana. Ikifikia urefu wa takriban sehemu 14 za elfu ya milimita, hujipasua katikati, zikapatikana mbili zilizo sawa. Basi ukiupima urefu wake chini ya hadubini, umejua papo hapo imefika wapi katika safari yake. Mtafiti aliyechagua kiumbe kinachojieleza hivyo kwa umbo lake amekwisha kujipunguzia nusu ya kazi.

Njia aliyoitumia ni ile ya kuharibu ili kuelewa. Jeni za chachu zikibadilishwa kwa kemikali, baadhi ya seli hupata kasoro. Ziko ambazo kwenye joto la nyuzi 25 huishi vizuri, lakini kwenye nyuzi 36 au karibu na hapo hushindwa kugawanyika, ingawa kukua hazikomi. Hizo hurefuka na kurefuka kama uzi, mpaka zikafa. Kila seli ndefu ilionyesha kwamba jeni fulani inayohitajiwa katika kugawanyika imeharibika. Mmarekani Leland Hartwell alikuwa ametangulia kuitumia njia hii tangu mwisho wa miaka ya 1960, akichunguza chachu nyingine, ile ya mikate.

Walakini seli iliyoshindwa ina habari chache. Chukua mfano wa gari litokalo Karatina kwenda Nyeri. Gari likisimama njiani, sababu zaweza kuwa mia: petroli imekwisha, gurudumu limepasuka, mkanda umekatika. Kusimama kwake hakukuambii ni chombo gani kinachotawala mwendo. Lakini gari likianza kwenda kasi kuliko desturi, bila dereva kukusudia, sababu ni chache sana: ama breki zimelegea, ama kikanyagio cha mafuta kimekwama chini. Kosa liongezalo mwendo hufunua mtawala, na kosa lizuialo mwendo hufunua tu kwamba kitu kimeharibika.

Nurse aliielewa tofauti hiyo alipokuwa Edinburgh, katika nchi ya Uskoti, akifanya kazi katika maabara ya Murdoch Mitchison. Huko aliziona seli zilizogawanyika kabla ya wakati, zikiwa na nusu tu ya urefu wa kawaida. Zilikuwa zikienda kasi. Aliziita wee, ambalo kwa masikio ya Mswahili ni kama mtu anayeitwa kwa ukali, lakini katika lugha ya Waskoti maana yake ni -dogo. Habari zake alizichapisha mwaka 1975.

Kuna kisa ambacho Nurse mwenyewe amekisimulia, na wasomaji wengi hukipenda. Alikusanya seli ndogo za namna hiyo takriban 50, na karibu zote zilikuwa na kasoro katika jeni moja ile ile. Jioni moja alikuta kisahani kilichovamiwa na kuvu, akakitupa takani kwa uchovu. Baadaye moyo ulimsuta, akarudi kukiokota. Seli iliyokuwamo ilikuwa tofauti na zote; kasoro yake ilikuwa katika jeni nyingine. Mwaka 1980 Nurse na mwenzake Pierre Thuriaux walionyesha kwamba jeni hiyo ndiyo ile iliyokwisha kupewa jina la cdc2.

Wanaokisimulia kisa hicho husifu bahati. Mimi nasema sifa hiyo imewekwa mahali pasipo pake. Taka za maabara zimejaa visahani vyenye kuvu, na wengi wameviokota bila kupata kitu. Ubora wa kazi hii ni kwamba Nurse alipokuwa na ile seli mkononi alijua la kuiuliza. Jeni cdc2 ikiharibika kwa namna moja, seli hushindwa kabisa kugawanyika. Ikibadilika kwa namna nyingine, seli hugawanyika mapema. Kitu kiwezacho kuzuia mwendo na kuuharakisha pia, hicho si kipuli cha kawaida. Ndicho kikanyagio chenyewe. Ufahamu huo haukuokotwa takani. Ulikuwa umekaa akilini ukingoja ushahidi.

Katika miaka ya 1980 maana ya jeni hizo ilizidi kufunuliwa. Jeni cdc2 huagiza kutengenezwa kwa protini iwezayo kubandika fosfati juu ya protini nyingine, na kwa kubandikwa huko zile nyingine huamka au hulala. Ndivyo ishara zinavyopita ndani ya seli: hakuna sauti wala maandishi, bali fosfati hubandikwa hapa na kubanduliwa pale. Ile jeni ya wee ya kwanza hutengeneza protini imzuiayo mtawala huyo kwa kumbandika fosfati yeye mwenyewe. Jeni nyingine, iitwayo cdc25, hutengeneza protini iibanduayo fosfati hiyo na kumfungua. Kati ya mzuiaji na mfunguaji, seli huamua. Hata hali ya chakula huingia katika shauri hilo: chachu ikihamishwa mahali penye naitrojeni haba, hugawanyika ikiwa fupi kuliko kawaida, kama mkulima avunaye mapema kwa kuogopa ukame.

Sasa twafika kwenye tendo ambalo kwa maoni yangu ndilo kilele cha kazi yote. Mtu angeweza kusema, "Vema, umeifahamu chachu. Lakini mimi si chachu." Neno hilo halikustahili kujibiwa kwa hoja tupu. Nurse na mwenzake Melanie Lee walichukua seli za chachu ambazo cdc2 yake ilikuwa mbovu, wakaziingizia vipande vingi vya jeni za binadamu, kisha wakaziweka katika joto liziuazo. Ilikuwa kama kumwambia mgonjwa ajichagulie dawa gizani. Zikiponea chache, zitakuwa zimepata kutoka kwa binadamu jeni ya kufanya kazi ile ile. Baadhi zilipona. Mwaka 1987 walichapisha habari kwamba binadamu anayo jeni yenye kuchukua mahali pa cdc2 ya chachu. Viumbe hawa wawili walitengana katika nasaba yao miaka inayokadiriwa kuwa bilioni moja au zaidi iliyopita, na bado chombo cha mmoja chafanya kazi ndani ya mwingine.

Angalia uzuri wa tendo hilo. Lingeweza kushindwa, tena waziwazi: kama seli zote zingekufa, dai la umoja wa viumbe katika jambo hili lingebaki bila ushahidi. Kazi ya elimu inayojiweka katika hatari ya kukanushwa ina heshima kuliko ile iliyojizungushia ukuta wa maneno. Hicho ndicho kipimo ningependa ukichukue, msomaji, ukitumie kwa vitabu vyote usomavyo, vya sayansi na visivyo vya sayansi.

Mwaka 2001 Nurse alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Hartwell, na Mwingereza Tim Hunt, ambaye mwaka 1982, akichunguza mayai ya viumbe vya baharini, aligundua protini zinazoongezeka na kupotea kila seli igawanyikapo. Protini hizo ndizo zimwamshao yule mtawala. Watu watatu walishika kamba moja kutoka pande tatu. Hapa tuseme ukweli juu ya namna habari hizi zinavyosimuliwa: tuzo huhitaji majina machache, na hadithi huhitaji shujaa mmoja, kwa hiyo majina kama la Lee na la Thuriaux hubaki pembeni. Msomaji mwema huwatafuta waliosimama nyuma ya picha.

Kazi hii ina mipaka yake pia. Chachu inaye mtawala mkuu mmoja katika jambo hili, lakini mwili wa binadamu una jamii nzima ya protini za namna hiyo, na baadhi yake hugawana kazi. Aliyetegemea kuikuta saratani yote imeelezwa katika kijiti kile angekatishwa tamaa. Hata hivyo faida imeonekana: mwaka 2015 Marekani iliidhinisha dawa iitwayo palbociclib kwa saratani fulani ya matiti, nayo hufanya kazi kwa kuwazuia ndugu wawili wa mtawala huyo katika seli za binadamu. Tena swali la kwanza kabisa, yaani seli hupimaje ukubwa wake, bado wataalamu wanabishana juu yake hata leo. Mtawala amejulikana, lakini rula yake haijakubaliwa na wote. Sioni haya kuihesabu hali hiyo kuwa sifa, kwa sababu kazi njema humwachia mwanafunzi mlango wazi.

Na sasa turudi kwenye majivuno yetu. Je, ni kweli kwamba sayansi hii ilitoka chunguni mwetu? Nasaba ya chachu hiyo ichunguzwapo, jibu linatufedhehesha kidogo. Jina kweli lilitoka kwenye pombe ya Afrika ya Mashariki. Lakini chachu itumiwayo katika maabara nyingi za dunia haikuzaliwa na ile aliyoiona Lindner. Ilitokana na nyingine ya aina hiyo hiyo, iliyopatikana katika maji ya zabibu ya Ufaransa katika miaka ya 1920. Katika miaka ya 1940 Mswisi Urs Leupold aliichukua, akaanza kuichunguza kwa elimu ya urithi, na Nurse akaenda kwake mjini Bern mwaka 1973 kujifunza. Kwa hiyo chachu iliyoleta Tuzo ya Nobel ina jina la Kiswahili na nasaba ya shamba la mizabibu.

Linganisha majina mawili yaliyomo katika kazi hii. Wee ni neno la Waskoti, na pombe ni neno la Waswahili. Yote mawili ni maneno ya watu wa kawaida, nayo yameingia katika vitabu vya wataalamu. Lakini njia zao za kuingia si moja. Neno wee liliingia kwa sababu mwuliza swali alikuwa Uskoti, alizungukwa na watu walisemao neno hilo, akaona kitu kidogo na kukiita kama waitavyo wenyeji wake. Neno pombe liliingia kwa sababu kinywaji kilisafiri kwenda Ulaya. Aliyekipika hakusafiri, wala hakuulizwa kitu. Habari za chachu hii humtaja Lindner. Mpishi wa pombe ile hazimtaji. Ujuzi wake wa kuchagua nafaka, kuiotesha, kuisaga na kuipima kwa ulimi ulibaki nje ya mlango, likapita jina tu.

Basi jina peke yake si urithi. Laweza kuwa alama ya mahali kitu kilipookotwa, kama namba iliyobandikwa juu ya gunia. Urithi katika elimu hupatikana kwa kuuliza.

Labda wayasoma haya ukiwa Giakanja, karibu na mji wa Nyeri, mahali ambapo hata neno pombe si neno la nyumbani, maana wazee husema njohi. Waweza kudhani kwamba ubishi huu wa majina ni wa watu wa pwani na wa Ulaya, nawe haukuhusu. Tazama tena. Katika nchi ya mlima Kenya wazee wametengeneza muratina kwa asali au maji ya miwa, wakatia humo tunda lililokaushwa la mti wa muratina. Tunda hilo hubeba chachu, na likitumika huanikwa na kuwekwa mpaka siku ya haja. Huo ni utunzaji wa mbegu ya uhai usioonekana, nao ulifanywa na watu wasiopata kuiona hadubini. Sisemi haya ili kusifu ulevi. Kinywaji hicho kilikuwa cha wazee na cha mambo mazito kama mahari, na madhara ya pombe mbaya kila kijiji chayajua. Nasema ili uone kwamba jambo la kuchunguzwa liko karibu.

Ukiacha kinywaji, iko kahawa. Viwanda vya kahawa vya Nyeri hulaza buni iliyokobolewa katika mabirika mpaka utelezi wake ulegee, na wafanyao kazi hiyo ni vijiumbe, chachu zikiwamo. Uko pia uji unaoachwa uchachuke. Ni vijiumbe gani vilivyomo? Hutambuaje kwamba chakula kimepungua? Mbona usiku wa baridi ya Julai kazi yao hukawia? Maswali hayo ni ya jamii ile ile ya swali la Nurse, na kuanza kuyauliza hakuhitaji ruhusa ya mtu. Kuyajibu kutahitaji maabara, hesabu na miaka ya subira, na ni vema usidanganywe kwamba ni kazi nyepesi.

Hukumu yangu juu ya kazi hii, basi, ni kwamba inastahili sifa yake, ila si kwa sababu zitajwazo mara nyingi. Haistahili kwa kisahani kilichookotwa, wala kwa tuzo, wala kwa jina litupendezalo sisi. Yastahili kwa sababu ilichagua kiumbe chepesi kwa swali zito, ikatofautisha kosa lizuialo na kosa lifunualo, na ikathubutu kujaribiwa mahali ambapo ingeweza kuanguka. Na pale inaposimuliwa bila kuwataja waliopika, waliofuga chachu na walioshika kazi pamoja, simulizi hiyo ina upungufu, na ni juu ya msomaji kuusahihisha.

Ukilikuta tena neno pombe katika kitabu cha elimu ya viumbe, usikimbilie kucheka wala kujivuna. Uliza nani alikitia kitu kile chunguni, nani alikitazama, na aliyekitazama aliuliza nini. Kisha uchukue daftari, uandike swali lako mwenyewe.